Uvunguni mwa Gari la Chini

Mhadhara kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Dumila, Wilaya ya Kilosa

  Vijana wa gereji, haya ninayokuja kuyasema yanawagusa ninyi kuliko mtu mwingine.

Nazungumzia jambo moja: namna ya kuliinua gari dogo la chini, uani kwako au chini ya mwembe wa gereji, mtu akaingia uvunguni, akafanya kazi yake, akatoka mzima. Msimamo wangu nautoa mapema. Jeki kazi yake ni kuinua. Kulishikilia gari huku mtu amelala chini yake si kazi ya jeki, hata kama fundi wako amefanya hivyo miaka yote na bado anatembea. Kinachopaswa kushikilia gari ni kitu kisicho na skrubu, kisicho na mafuta, kisicho na sili. Kitu ambacho hakina cha kulegea.

Hapa ni njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati yetu, na ya Kilosa inachepukia hapa. Pale Magole inachepuka ya Turiani na Mtibwa. Wazee mnakumbuka magari yaliyokuwa yakiharibika kwenye barabara hizi: Leyland, Isuzu, Bedford, Land Rover. Fundi alikuwa akitandika gunia na kujisukuma chini. Hakuinua chochote, kwa sababu uvungu ulikuwepo tayari. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake yote, halimdondokei mtu.

Leo gari la nyumbani ni IST, Vitz, Passo, Crown au Mark X. Haya yalitumika kwanza Japani, kwenye lami laini, kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Hapa yanakutana na matuta, na mbele kidogo na makorongo ya njia za shambani. Ukivuka tuta ukiwa na abiria wanne na gunia la mahindi kwenye buti, unasikia chuma kimesaga lami. Ikifika jioni unataka kujua kama sampu imepasuka. Unainama, huoni kitu. Mkono wenyewe hauingii. Kwa hiyo kazi ambayo baba yako aliifanya kwa kujikunja tu, wewe huwezi kuifanya bila kuliinua gari. Magari yameshuka, lakini mazoea yetu ni yale yale ya Land Rover: gunia chini, mwili ndani. Hapo ndipo hatari ilipoingia, na iliingia kimyakimya.

Tazameni pancha inavyotokea hapa barabarani. IST imelala upande wa mbele kushoto, rimu iko karibu kugusa ardhi. Dereva hana jeki, au anayo na imeota kutu. Wasamaria hawakosekani, utingo wa lori lililoegeshwa jirani anakuja na jeki ya chupa, ile fupi nene ya mafuta, inayoweza kubeba tani kumi. Nguvu inayo tele. Lakini hata ikiwa imeshushwa kabisa, urefu wake ni zaidi ya shubiri moja, na nafasi iliyobaki chini ya bodi haifiki vidole vinne. Haiingii. Basi wanachimba. Wanatoboa shimo dogo kwenye bega la barabara, wanaisimamisha jeki mle ndani, na kichwa chake kinakaa popote kinapofikia: kwenye sakafu ya bati, ukingoni mwa sampu, mara nyingine kwenye mkono wa saspensheni. Bati linabonyea, jeki inainama kidogo, wanaendelea kupampu.

Jeki ya tani kumi chini ya gari la tani moja humpa mtu moyo. Moyo huo hauna msingi. Jeki ya mafuta hufuata kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mafuta yaliyofungiwa yakisukumwa, msukumo unafika kila upande sawasawa kwa kila sentimita ya eneo. Pistoni ndogo yenye eneo la sentimita moja ya mraba ukiisukuma kwa kilo 20, pistoni kubwa yenye eneo la sentimita 20 inainuka na kilo 400. Inapendeza. Sasa jiulizeni nini kinazuia kilo hizo 400 zisirudi chini. Ni pete ya mpira, na kigololi cha chuma kinachoziba tundu dogo la mafuta. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kigololi hicho, mafuta yanarudi. Mpira ukichakaa, yanapita pembeni. Na ile skrubu ya kushushia iko nje, kwa chini, pale pale ambapo mguu wa mtu aliyelala unaweza kuigonga. Hayo yote hayapimwi kwa tani zilizoandikwa ubavuni.

Jeki ya mkasi, ile iliyokuja na gari, ina tabia yake, na vijana wengi hawajaelezwa. Chukueni gari dogo la kilo 1,050 hivi, injini mbele. Kuinua kona moja ya mbele ni kubeba kama kilo 350. Gari likiwa chini sana, mikono ya mkasi inaanza ikiwa imelala, tuseme kwa nyuzi 15 tu kutoka usawa wa ardhi. Hapo skrubu ya katikati haivutwi kwa kilo 350. Inavutwa kwa kilo 1,300. Mikono ikifika nyuzi 45, mvuto unashuka hadi kilo 350. Maana yake, gari linavyozidi kuwa chini, ndivyo skrubu inavyoteswa zaidi mwanzoni. Ndiyo sababu mpini unakuwa mgumu, unalia, na meno ya skrubu kavu yanakwanguka. Kisha jeki ikishasimama juu, skrubu inapumua lakini jeki nzima imekuwa ndefu na nyembamba, tayari kulala upande. Inaanza na udhaifu mmoja, inamaliza na mwingine. Iwekeeni grisi. Na msiamini wepesi wa mpini huko juu.

Dawa ya tatizo la nafasi ni ya zamani na haina gharama kubwa: lipandishe gari kwanza kwenye mbao, kisha ndipo ulete jeki. Mbao nene za inchi mbili, pana kuliko tairi, ukizipanga mbili mbili, ile ya juu ikiwa fupi ili tairi lipande kwa hatua, zinakupa kama sentimita kumi. Gari linapanda polepole kwa gia ya kwanza, anayeelekeza akisimama ubavuni, asisimame mbele kamwe. Kwa sentimita hizo kumi jeki inaingia mahali pake bila kuchimba chochote. Na kwa kumwaga oili tu, au kuangalia sampu baada ya tuta, mara nyingi hizo mbao zinatosha na jeki huihitaji kabisa. Gari bado limesimama kwa matairi yake. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Tuna bahati ya kuishi karibu na Mtibwa, kwenye shamba la miti la serikali lenye mitiki. Vipande vya mtiki ambavyo fundi seremala anavitupa vinafaa sana kwa kazi hii: vizito, haviozi upesi, havivunjiki hovyo.

Nimegusia kuchimba. Niseme sasa kuhusu ardhi yetu, maana hapa ndipo Dumila inapotofautiana na mahali pengine.

Sisi tuko bondeni. Mito inashuka kutoka milimani, inatuletea udongo, na huo ndio unaotupa nyanya, mpunga na mahindi. Januari 2014 mto ulikuja na nguvu kuliko kawaida, ukajaza nyumba za Magole na Dumila, ukaharibu daraja na kuikata barabara kuu. Maji yale yalipoondoka yaliacha tope, na juu ya tope la namna hiyo, la mwaka ule na la miaka ya nyuma, ndipo tunapoegesha magari. Kuna sehemu zenye mchanga, kuna sehemu zenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Kiangazi unaugonga kwa kisigino unaona ni mgumu kama sakafu. Jeki inaona kitu kingine.

Nawapigia hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu yake miwili anaibonyeza ardhi kwa kama robo ya kilo kwa kila sentimita ya mraba. Kitako cha jeki ya mkasi kina kama sentimita 80 za mraba. Ukikibebesha kilo 350, kinabonyeza kwa zaidi ya kilo nne kwa kila sentimita. Udongo wa kawaida ulio imara unaaminiwa kubeba kama kilo moja au mbili. Kwa hiyo ardhi iliyokubeba wewe vizuri kabisa inaweza kuimeza jeki, na haitaimeza sawasawa: upande mmoja utazama kwanza, jeki itainama, gari litafuata. Sasa weka chini ya jeki kipande cha mbao nene cha sentimita 30 kwa 30. Eneo limekuwa sentimita 900, mbonyezo umeshuka chini ya nusu kilo. Kipande kimoja cha mbao kimeigeuza ardhi ya Dumila ikawa kama sakafu. Na lami nayo isiwadanganye. Jua la saa nane huilainisha, na miguu myembamba ya stendi inazama. Mbao, kila mahali, hata kama mtu anakucheka.

Jambo la breki linahitaji utulivu, kwa sababu hata madereva wazoefu hulikosea. Handibreki ya gari dogo hushika matairi ya nyuma. Gia ya P hushika yale yanayovutwa na injini. Kwenye IST au Vitz ya kawaida, yanayovutwa ni ya mbele. Ukiinua tairi moja la mbele, ile P haikushikii tena, kwa sababu difu inaruhusu tairi lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lililo chini kuzunguka upande wa pili. Kilichobaki ni handibreki peke yake. Kwenye Mark X au Crown inayovuta kwa nyuma, hali ni mbaya zaidi: inua matairi yote mawili ya nyuma, basi umeondoa ardhini kila kilichokuwa kinashikiliwa, handibreki na P kwa pamoja. Matairi ya mbele yako huru kabisa. Gari linaweza kutembea na kuiacha jeki.

Kwa hiyo kabari. Mbao iliyochongwa mshazari, mbele na nyuma ya tairi linalobaki chini, upande wa pili wa lile unaloinua. Jiwe la mviringo si kabari. Weka kabari kabla ya kugusa jeki, legeza nati za tairi nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini, zima injini na ufunguo uwe mfukoni mwako. Usiuache kwenye gari. Nyumbani kuna watoto, na mtoto akiona mlango wazi anapanda kuendesha.

Jeki inakaa wapi? Chini ya mlango, kwenye ukingo wa bati uliosimama kama kisu, utakuta jozi mbili za alama zilizokatwa, moja karibu na tairi la mbele, moja karibu na la nyuma. Bati la katikati ya alama za kila jozi limeimarishwa kwa kazi hiyo. Nje ya hapo ni ganda tu. Kama ukingo umeshabonyezwa na wengine, na kwa magari yetu ya mtumba ni kawaida, chukua kipande cha mtiki ukichonge mfereji katikati ili ukingo uingie mle na uzito ushikwe pande zote mbili. Wenye sketi za plastiki pembeni, chungulieni kwanza. Sketi si chuma, na jeki ikiishika itaipasua kisha itachomoka.

Sasa tufike kwenye kushikilia. Kila gereji ya hapa Dumila inapaswa kuwa na stendi za jeki, zile za miguu mitatu au minne zenye pini. Nasema inapaswa, na nasema kwa uchungu, kwa sababu ni gereji nyingi mno nilizoona zina simu nzuri, spika kubwa, na hazina stendi. Kama gereji moja haiwezi, gereji tatu za jirani zichangie jozi moja wapokezane. Stendi za kuchomelewa kienyeji sizipendi, isipokuwa mchomeleaji ni mtu unayemjua kazi yake, maana weldi mbaya haionekani kwa nje.

Asiye na stendi ana mbao. Mbao mbili nene zikielekea mbele, mbili juu yake zikielekea pembeni, mbili tena mbele, mpaka zifike chini ya sehemu imara ya bodi. Kimo cha rundo kisizidi upana wa kitako chake. Mbao ina sifa ambayo tofali haina: ikizidiwa inalia, inapinda, inaonyesha ufa, inakupa nafasi ya kutoka. Tofali la saruji lenye matundu halikuambii kitu. Linabeba, linabeba, kisha linakuwa kifusi mara moja. Tofali la kuchoma ni vivyo hivyo. Nawaomba, na hapa naomba kweli, tofali lisikae chini ya gari ambalo mtu ataingia uvunguni mwake. Hata dakika moja.

Na lile tairi ulilolifungua, au la akiba, lilaze chini ya ukingo wa bodi. Tairi la IST la 185/65R15 lina upana wa sentimita 18 na nusu. Kila kitu kingine kikishindwa, gari litaangukia tairi, na hizo sentimita 18 ndizo zitakazobaki kati ya chuma na kifua chako. Kisha, kabla ya kuingia, simama pembeni ulisukume gari kwa mikono miwili, kwa nguvu. Kama litadondoka, lidondoke sasa.

Mashimo ya gereji nayapitia kwa haraka. Ni mazuri, kwa sababu gari halisogei juu ya jeki. Ila kwenye udongo wetu shimo lisilojengwa kuta hubomoka masika, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini shimoni ukisubiri cheche. Asiyejenga kuta asichimbe. Na mtu yeyote asifungue tanki la mafuta shimoni.

Mtasema kuna sheria. Ipo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na kuna wakala wa serikali, OSHA, wa kuisimamia. Lakini mkaguzi haji uani kwako Jumapili jioni unapobadilisha oili. Anayekuwepo ni mke wako, kijana wako, jirani. Kwa hiyo usiingie chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani, na huyo aliyepo ajue mbao ziko wapi na afanye nini. Vijana wanaotaka kujifunza ufundi huu vizuri, chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, Morogoro, hakiko mbali.

Anayebaki juu afanye nini gari likimwangukia mtu? Kifua kikibanwa, mtu hawezi kuvuta pumzi, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Anazo dakika chache tu. Msikimbilie kutafuta gari la kumpeleka hospitali kabla ya kumtoa. Piga kelele, watu wa jirani waje. Kona ya gari dogo ni kilo 350. Watu sita wakishika ukingo wa bodi, kila mmoja ana chini ya kilo 60, mizigo mnayobeba kila siku. Wawili wasishike gari: mmoja asukume tairi au mbao chini mara tu linapoinuka, mwingine amvute mtu. Mmoja ahesabu kwa sauti, wote wainue pamoja, na matairi yaliyo chini yawe yamewekewa kabari lisije likabingirika likamsaga tena.

Akitoka anaongea, mpelekeni hospitali hivyo hivyo, Kilosa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Morogoro, hasa kama mguu au paja lilibanwa kwa muda mrefu. Mwaka 1941, London, watafiti Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu. Walitolewa wakiwa hai, hali zao zikionekana njema, kisha figo zikashindwa na wakafa siku chache baadaye. Msuli uliobanwa muda mrefu huachia sumu kwenye damu pale unapoachiwa. Mgonjwa wa namna hiyo msimpe dawa ya maumivu mkamlaza kitandani nyumbani. Mwambieni daktari alibanwa na nini na kwa muda gani.

Kazi ikiisha, toa vifaa vyote chini, hesabu spana zako, toa stendi, kisha shusha polepole, ukikaa pembeni. Nati za tairi zikazwe kwa kuvuka, moja huku, inayofuata ng'ambo yake, na zimaliziwe tairi likiwa limeshika ardhi. Toyota ndogo hutaka kama nyutoni-mita 103. Kwa spana yenye mkono wa nusu mita, hiyo ni sawa na kusukuma kwa nguvu ya kilo 21, nguvu ya mkono wa kawaida. Hakuna haja ya kupanda juu ya spana kwa miguu miwili. Anayefanya hivyo anavuta bolti kupita kiasi, na bolti iliyovutwa hivyo hukatika siku nyingine, ukiwa kwenye mwendo. Kisha safiri. Nati hutulia baada ya gari kutembea, kwa hiyo ukitoka hapa kwenda Morogoro mjini, ukifika egesha, toa spana, uzipitie tena moja moja.